Mchanga Ndani ya Mchele wa Boma

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenitoa kwenye kitanzi, na leo akanikalisha hapa Kibiti kwenye hitima ya mama yangu, Bi Mwanaidi. Kuleni pilau, lakini mnisikilize. Kuna jambo nimelificha miaka yote hii. Sasa Mdachi keshaondoka na mama keshakwenda, halina tena wa kumdhuru.

Ndugu zangu, mie si mtoto wa tumbo la Bi Mwanaidi.

Naona mmeacha kutafuna! Mie ni Mmatumbi wa milimani. Nilikunywa maji ya vita, nikanyunyiziwa na kichwani, nikaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Nikaamini! Siku ya kwanza tu kaka yangu alianguka ubavuni pangu, na kilichomtoka hakikuwa maji. Nikatupa mkuki, nikakimbia mpaka nyayo zikapasuka. Nikatokea Ruaruke, kwenye shamba la mpunga la mama mmoja mjane.

Huyo ndiye Bi Mwanaidi. Mwanawe wa pekee, Selemani, alikuwa amekamatwa akawabebee askari mizigo, na hakuwa amerudi. Alinikuta nimejikunyata kwenye dungu lake la kuamia ndege. Hakupiga kelele. Alinipa uji, akanipa kanzu ya mwanawe, akaniambia, "Ukiulizwa, wewe ni Selemani wangu. Akirudi mwenyewe tutajua la kufanya." Majirani walijua, wakanyamaza, Mungu awalipe. Na kila jioni akipakua wali alitenga sahani ya tatu, akaifunika kwa kawa. Ya Selemani hiyo. Asubuhi tuliila kiporo, jioni akatenga nyingine.

Basi nikaishi ndani ya jina la mtu. Msikitini niliinama wakiinama, nikainuka wakiinuka, sijui hata neno moja. Msicheke nyie! Hofu ndiyo iliyokuwa imamu wangu.

Kiangazi kile ikatoka amri: kila nyumba ipeleke bomani kanda moja la mchele wa askari. Mama aliutwanga, akaupepeta mara mbili, nami nikaubeba begani. Mtunza ghala alipokea hata uso hakuinua. Haikupita wiki, askari wakaja kunifunga kamba. Wenzao wamevunjika meno, wanasema nusu ya kanda letu ni mchanga!

Mjue, ndugu zangu, siku zile za vita mchanga katika chakula cha askari haukuwa ujanja wa sokoni. Ulikuwa uasi.

Nikasimamishwa mbele ya bwana shauri, yule Mdachi mwenye kuhukumu, kanda limefunguliwa mezani. Mtunza ghala akasoma daftarini, uso bado kauinamisha, kwamba ni kanda la Selemani wa Bi Mwanaidi, na Selemani ndiye huyu. Adhabu ni viboko hamsa ishirini na mnyororo. Nikasema moyoni, haya, kiboko nitakistahimili, bora nisiulizwe nimetoka wapi. Lakini nilipokana mchanga ule, mtunza ghala akanikazia macho kwa mara ya kwanza. Akaruka!

"Bwana, huyu si Selemani! Selemani nilikuwa naye upagazini. Alikufa kwa tumbo la kuhara, nikamfukia mwenyewe kwa mikono hii."

Lahaula! Nikiwa Selemani, nachapwa. Nisipokuwa Selemani, mie nani, kama si mtu wa milimani aliyekuja kuwatilia askari mchanga? Na wa hivyo walinyongwa pale pale nje ya boma, niliwaona kwa macho yangu. Na katikati ya hofu ile likanichoma jingine, lile la sahani ya tatu. Nani atamwambia mama?

Aliambiwa na askari aliyetumwa kumwita. Bwana shauri aliamuru aletwe siku ya nne, ashike Msahafu, aseme kama mie ni mwanawe. Nilikaa siku tatu ndani ya mnyororo nikijihesabu maiti. Namjua Bi Mwanaidi! Mama yule hakusema uongo hata kwa utani, sembuse na mkono juu ya Msahafu.

Siku ya nne akaja, watu wa kijiji wako nyuma yake. Macho yamemvimba. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kanda, akachota mchanga kidogo, akautia mdomoni. Akautema.

"Una chumvi huu," alisema. "Mto wetu tunaunywa. Mchanga wake hauna chumvi. Huu umetoka baharini."

Kila mtu akageuza shingo. Mlangoni mwa ghala palikuwa na rundo la mchanga wa pwani wa kujengea ukuta, umeletwa kwa mitumbwi! Bwana shauri akatoka, akauchota, akaulamba. Mdachi mzima analamba mchanga! Yakafunguliwa makanda ya nyumba nyingine, mchanga ni ule ule. Mchele wetu mtunza ghala kauuza, akajazia makanda mchanga wa rundo lile.

Nikadhani yamekwisha. Bwana shauri akasema bado, mama aape. Mama akaweka mkono juu ya Msahafu.

"Wallahi, huyu ni mwanangu, na jina lake ni Selemani."

Wanakijiji wakaitikia, ndiye! Mtunza ghala akalia kwamba Selemani amekufa, kamzika. Nani amsikilize? Siku ile nzima alisema kweli moja tu, na hiyo ndiyo iliyokataliwa. Nikafunguliwa.

Njiani sikuweza kufurahi. Nilimwambia, "Mama, umeapa uongo kwa ajili yangu mie kafiri!"

Alisimama akanigeukia kwa hasira. "Mie niape uongo? Askari aliponipa habari nilikaa matanga ya siri siku tatu. Leo alfajiri tumeyaanua, na mbele ya wazee nimekurithisha jina la marehemu, kama ilivyo desturi yetu. Selemani wangu amekufa. Selemani ni wewe."

Ndugu zangu! Nilikaa chini katikati ya njia. Mama yule asiyetaka kusikia kwamba mwanawe kafa, alikubali kifo kile ndani ya siku tatu, ili siku ya nne aniokoe kwa kweli. Jioni ile alipakua sahani mbili. Kawa akalitundika ukutani.

Usiku huo huo nilimwomba anifundishe shahada, na maana yake. Niliyaamini maji yaliyomuua kaka yangu. Nikamkuta Mungu kwenye kiapo cha mjane. Alhamdulillah! Nawe uliyekaa hapa na jambo linakukaba koo, usikimbilie uongo. Mtegemee Yeye, njia anaijua, hata ikipita kwenye punje za mchanga.

Sasa nina ombi moja. Selemani wa kwanza hatukumsomea hadharani, kwa ajili ya kunificha mie. Kaburi lake silijui. Inueni mikono, ndugu zangu. Hitima ya leo ni ya watu wawili, mama na mwanawe.