Watoto wa Mzee Isack Mwalyego, Fundi Bomba wa Goba

Baba Mchungaji, Bibi yetu Tupokigwe, wazee wa kanisa, majirani wa Goba, na nyie wa Temeke mliovuka jiji zima kuja kutushika mkono, shikamooni wakubwa, poleni wote, na naomba radhi mapema kabla sijaharibu, kwa sababu historia hii nitaisoma vibaya, mie kazi yangu ni ya jukwaani, nimezoea watu waliolipa kiingilio ili wacheke, leo nimesimamishwa mbele ya watu waliokuja bure kulia, na sauti yangu ndiyo hii, hata nikisema "tuombe" kuna mtu kule nyuma ameshacheka.

Naitwa Brightson, mjukuu wa marehemu kwa binti yake Atuganile, na karatasi hii niliyoshika imeandikwa na kikao cha familia kilichokaa juzi, imekamilika yote isipokuwa sehemu moja waliyoiacha wazi, nayo ni idadi ya watoto wa marehemu, jambo ambalo sitalificha kwa kuwa nusu yenu mlikuwa dirishani mkisikiliza. Mjomba Fredrick, kifungua mimba wa nyumba hii, alisema watoto ni watano, wale waliozaliwa na Bibi, "historia ni ya damu, tukianza kuongeza tutamaliza mtaa", na mama yangu akasema ni sita, pamoja na Mama mdogo Herieth, ambaye hakuzaliwa humu ila amekulia humu. Si neno dogo hilo, maana historia ikishasomwa ndiyo inayofuatwa makaburini, aliyetajwa na watoto ataweka shada pamoja na watoto, asiyetajwa atasimama pembeni mpaka itangazwe "marafiki na majirani". Walipomgeukia Bibi awaamulie, Bibi akajifunika kanga vizuri, akasema, "Mie kazi yangu ilikuwa kuzaa, kuhesabu alikuwa anahesabu baba yenu, muulizeni yeye." Basi baba yao ndiye huyu aliyelala mbele yetu, na kwa ruhusa yenu tutamuuliza kwa kuyafuata maisha yake.

Mzee Isack Mwalyego alizaliwa tarehe 4 Aprili 1941 huko Masoko, wilayani Rungwe, akabatizwa katika Kanisa la Moravian mwaka huohuo, akaanza shule mwaka 1950 na kumaliza darasa la nane mwaka 1958, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa wa pili kila mwaka, na kila mwaka wa kwanza alikuwa mtu mwingine, ndiyo maana hatujawahi kumpata hata mmoja wa kumthibitisha.

Mwaka 1960 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa idara ya maji kama kibarua wa kuchimba mitaro, akajifunza ufundi bomba kwa kutazama, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi, na alistaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 1996, kisha mwaka uliofuata akahama Temeke kuja kujenga hapa Goba, kilimani, mahali ambapo bomba lilikuwa halijafika, kwa hiyo fundi bomba mzima akaishi miaka akinunua maji ya madumu, na hakuna aliyethubutu kumtania, ingawa tulimtania sana. Ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba hadi wakazi wakakubali kuchimba mtaro wao wenyewe, na maji yalipopanda kilima alifunga koki ya kwanza nje ya uzio wake, Bibi akatoka kuangalia, akamuuliza, "Baba Fredrick, umesahau nyumba iko upande gani?", naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Wa ndani wataweza kutoka, mama, wa nje hawawezi kuingia."

Tarehe 17 Agosti 1963 marehemu alifunga ndoa takatifu na Bibi Tupokigwe, huko huko Rungwe, na Bibi anasema alimpenda kwa ile sauti ya besi aliyoimbia kwaya, ila angejua mapema kwamba sauti hiyohiyo itakuja kuombea chakula mpaka ugali uote ngozi, angetafuta mtu asiyeimba. Mungu aliwajalia watoto, ambao nitawafikia, na tangu mwaka 1978 marehemu alikuwa mzee wa kanisa, kazi aliyoifanya kwa kutembelea wagonjwa kila Jumamosi, Biblia mkono huu, spana mkono ule, kwa sababu alikuwaga anasema hajawahi kuingia nyumba yenye mgonjwa akakuta koki haivuji.

Mwaka 1987, wakati familia ikiishi bado Temeke, jirani mmoja alihamishwa kikazi kwenda mikoani, akapakia vitanda, makochi na kuku, akamwacha barazani msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa akimfanyia kazi za ndani, na Babu alipotoka ibadani siku ya Jumapili akamkuta amekaa na mfuko wake wa nguo, akamshika mkono, akaingia naye nyumbani, Bibi akauliza, "Huyu ni wa nani?", Babu akasema, "Kwa sasa ni wa kula, mengine tutajua akishiba." Huyo ndiye Herieth. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, hivyo Babu akaomba ruhusa kazini, akampeleka mwenyewe Njombe kwa baba yake mdogo, na baba yake mdogo akashukuru sana, akawafungashia gunia la viazi, akawasindikiza stendi wote wawili, viazi na mtoto, warudi walikotoka. Viazi viliisha. Mtoto Babu akamwandikisha shule, darasa la nne, akiwa mrefu kuliko mwalimu wake.

Sasa wale mliowahi kula kwa Mzee Isack mnaijua sala yake ya chakula, ilikuwa ikiwapitia watoto kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mkubwa, kila mmoja na ombi lake, huyu mitihani, huyu kikohozi, huyu tabia, na jioni ya kwanza baada ya safari ya Njombe jina jipya liliingia kwenye sala ile, wala halikuwekwa mwishoni kama mtu anayekumbuka mgeni, liliingia kati ya Editha na Jonas, mahali pake kwa umri. Wageni walipokuja wakamwona anatandika meza waliuliza, kama sie watu wa Dar tunavyouliza, "Huyu ndiye dada?", wakiwa na maana ya msichana wa kazi, na Babu alijibu kila mara, "Ndiyo, dada yao", akaendelea na mazungumzo. Tarehe 12 Desemba 1998 aliposindikizwa madhabahuni kwenda kuolewa, aliyemshika mkono ni Babu, ndani ya ile suti ya kahawia aliyowaozea mama yangu na Mama mdogo Editha, suti ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeshafunga ndoa nyingi kuliko mchungaji.

Kisukari kilianza kumsumbua miguu Februari mwaka 2024, na hapa naomba niseme kwa haki kwamba Mjomba Fredrick, siku gari liliposhindwa na kilima kwa matope, alimbeba baba yake mgongoni hadi barabara ya lami, naye akiwa mtu wa miaka sitini, wakati Mama mdogo Herieth alifunga duka lake Chamazi akahamia hapa kumuuguza. Agosti mwaka huu alipata kiharusi, maneno yakampotea karibu yote, na siku tulipomkalisha mezani alipotaka kuombea chakula yale maombi hayakuja, yalikuja majina tu, polepole, Fredrick, Atuganile, Augustine, Editha, Herieth, Jonas, kisha akatutazama. Wa kwanza kuitikia alikuwa Mjomba Fredrick, akasema Amina, sote tulisikia. Marehemu aliendelea kudhoofika hadi Alhamisi ya tarehe 11 Septemba 2025, saa tisa alasiri, alipoitwa na Bwana akiwa na miaka themanini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, hata alipowakagulia mabomba ya wodini, inawashukuru mchungaji na kwaya, mafundi wenzake wa zamani ambao wengine wamekuja na mikongojo, majirani mliopika, mliochota maji, na mliolala kwenye turubai hili mkijua godoro lenu liko hatua mbili tu, hatuna cha kuwalipa, Mungu awakumbuke.

Babu, weka spana chini, upumzike, kazi ya juu ya kilima umeimaliza na maji yanatoka.

Kilichobaki ni ile sehemu iliyoachwa wazi. Marehemu ameacha mjane, Bibi Tupokigwe, na ameacha watoto sita, ambao wakiitwa makaburini watatoka pamoja na kuweka mashada pamoja, nao ni Fredrick, Atuganile, Augustine, Editha, Herieth na Jonas, ameacha pia wajukuu na vitukuu, mmojawapo huyu anayewachelewesha. Mjomba wangu, nakuheshimu, hata juzi kikaoni ulipokauka koo ulisema, "Mwambieni dada alete chai", na chai ililetwa, na miaka thelathini na minane nyumba nzima imemwita Herieth dada, mchana na usiku, mbele ya wageni na nyuma yao, nami nikayachukua maneno yenu kama yalivyo, kwa hiyo kama kuna aliyekuwa akisema dada akimaanisha kitu kingine, asiwalaumu waandishi, anilaumu mie, maana shule nzima nilifaulu somo moja tu, Kiswahili.