Dada wa Vichupa na Maji ya Bwawani

Kijiwe chetu ni benchi nje ya kibanda cha Kinyozi, karibu na bomba la mtaa. Tangu bwawa linalotuletea maji lifunikwe na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, dada mmoja wa idara ya maji huja kila wiki kukinga maji ya bomba hilo kwenye vichupa, akayapime. Asubuhi ile tulimkuta Kinyozi kavaa shati la pasi.

— Siku ya vichupa, eti? — akachokoza Spoku, fundi baiskeli. — Umejipulizia manukato mpaka kahawa inanukia wewe.

— Mtaa mzima una mabomba. Kwa nini aje kwangu tu?

— Anafuata bomba, kaka. Wewe umesimama karibu tu.

Redio, tuliyemwita hivyo kwa kuwa hazimiki, akakohoa.

— Nyie hamjui kitu. Yale maji yanauzwa nje. Ule ukijani ni dawa ya ujana. Mmewahi kuona samaki mzee bwawani?

— Wanakufa, Redio! — akasema Spoku. — Juzi si walielea?

— Wamelala. Maji yamewanogea.

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Mara dada akatokea, anatembea haraka, mikono mitupu. Kinyozi akasimama.

— Karibu, dada. Bomba lako nimelisugua.

— Asante, kaka, ila leo sikingi. Majibu yametoka. Ule utando unatoa sumu, na imeshafika mabombani. Msinywe, msipikie. Gari la maji safi linakuja.

— Tutachemsha, — akasema Spoku.

— Kuchemsha hakuiondoi.

Tukatazama vikombe vyetu. Redio akavuta pumzi aanze, dada akamuwahi:

— Watoto wenu leo wamekunywa maji gani?

Spoku akanitazama, nami nikamtazama Redio. Kinyozi hana mtoto, ana mama yake tu, lakini yeye ndiye aliyetangulia kukimbia, shati limechomoka, hata kuaga hakuaga.

Nilifika nyumbani nahema, nikampokonya binti yangu kikombe. Akaangua kilio. Mke wangu akatoka jikoni.

— Hayo ni ya mvua, baba. Ya bomba tuliyaacha tangu yaanze kunuka tope. Si nilikwambia?

— Uliniambia lini?

Akamfuta mtoto machozi, akaniangalia kwa huruma.

— Hivi mwenzangu, wewe unaishi hapa?