Pipi Nyeusi za Sjoukje

Kwenye basi la kwenda Leeuwarden, mama mmoja alimkaribisha mzee aliyeketi kando yake pipi nyeusi za chumvi, zitengenezwazo kwa mzizi wa susi. Mzee akarudisha mkono kama aliyeona nyoka.

"Marehemu mke wangu, Sjoukje, alizipenda hizo. Presha ikapanda, daktari akaongeza vidonge, ikapanda tena. Mfamasia akatuita: njooni na dawa zote, tuzungumzie na mnachokula. Nikamjibu, kazi yako kutoa dawa, si kutuchungulia jikoni."

"Pipi na presha wapi na wapi, mzee?"

"Ndicho alichotaka kutueleza: huo mzizi wa susi hupandisha presha. Nimekwenda kumsikiliza tumeshazika. Na pipi nilikuwa nikimnunulia mimi."

"Usijilaumu bwana. Mbona mimi nameza vidonge vya presha, na pipi nala kila siku?"

Kiti cha nyuma, abiria mwingine, Aukje, ambaye hakuulizwa kitu, aliacha kuinyonya pipi ya kwake.

"Basi mwone mfamasia wako, mama," mzee akasema.

"Yule? Ana foleni mpaka mlangoni. Nimsumbue kwa pipi?" Akatupia nyingine mdomoni.

Basi likasimama mbele ya makaburi. Mzee akainuka, akakinga kiganja.

"Nipe moja."

"Si umezikataa?"

"Ya Sjoukje. Sasa haimdhuru."