Wanalitaka Shimo la Mzee Tanuri

Benchi la kijiwe chetu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kushona viatu, kwa hiyo mimi hapa siambiwi nyamaza. Mbele yetu kuna kilima chekundu, na mguuni pake kuna shimo la udongo la Mzee Tanuri, aliyefyatua na kuchoma karibu kila tofali la mtaa huu. Miezi iliyopita walikuja wataalamu wa kampuni, wakatoboa kilima mashimo membamba, wakaondoka na mifuko ya udongo. Juzi wamerudi wakitabasamu: udongo ule una madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku za simu na za magari ya umeme. Wanalitaka shimo la Mzee, na kesho asubuhi anatakiwa awape jibu. Leo basi kazi zote zimelala, watu wamejaa benchini.

SPIKA (kinyozi wetu, mdomo haufungi hata akishika wembe): Jamani, tunalala ndani ya mali! Si matofali yetu yametoka hapo hapo? Jana nimechukua sumaku ya redio mbovu, nikaibandika ukutani. Imenasa!

SHEMEJI (muuza kahawa, shemeji wa kijiwe kizima): Imenasa wapi?

SPIKA: Pale juu ya kioo.

SHEMEJI: Huo ni msumari wa kioo, Spika.

BREKI (dereva wa lori mstaafu): Nyie hamjui kitu. Ile ilikuwa nyota. Ilianguka juu ya kilima, kikaungua. Mnadhani wekundu ule umetoka wapi?

SPIKA: Nyota ipite dunia nzima, ije kuangukia mtaani kwetu?

BREKI: Sasa je? Ungekuwa nyota, wewe ungeangukia wapi?

Hapo hata mimi nilimkubali.

MZEE TANURI: Hakuna cha nyota. Binti yangu anasomea miamba, jana nimemhoji mpaka simu ikazima. Kilima chote kilikuwa jiwe la graniti. Madini yalikuwamo tangu mwanzo, ila kidogo kidogo, yametawanyika. Mvua ikanyesha. Maji yakipita kwenye majani yaliyooza yanapata uchachu, na uchachu ule unalilegeza jiwe.

BREKI: Graniti ioze? Mimi nimeibeba miaka na miaka, imenivunjia springi za lori!

MZEE TANURI: Inaoza, inakuwa udongo. Madini yanaachiwa, yanashuka na maji, halafu huko chini yanashikwa na udongo mfinyanzi. Hayaingii ndani ya chembe. Yameganda nje tu, kama unga kwenye mikono ya mpishi.

SPIKA: Mbona kilima cha pili hawakukitaka?

MZEE TANURI: Kile mteremko wake mkali, udongo ukipatikana tu unasombwa. Hiki kimelala taratibu, udongo ukatulia, ukarundikana. Mamilioni ya miaka.

SPIKA: Mamilioni! Basi kila simu duniani itakuwa na kipande chetu. Mtu akipiga simu huko ng'ambo, atusalimie kwanza sisi!

BREKI: Na gari la umeme likipotea njia, litageuka lenyewe kuja huku. Litakuwa linakumbuka kwao.

SHEMEJI: Na yaliyomo kwenye matofali, Mzee?

MZEE TANURI: Nimeuliza. Tofali likishachomwa hayatoki tena kirahisi. Moto umeyafungia.

SPIKA: Kumbe miaka yote umetuchomea mali!

MZEE TANURI: Nimewachomea shule. Na wodi ya wazazi, na nyumba yako wewe. Mimi hasara siioni.

Alisema hivyo kidevu juu, mikono yake myekundu juu ya magoti. Nilijisikia fahari kukaa naye benchi moja.

BREKI: Sasa hao kampuni watayatoaje?

MZEE TANURI: Wanamwaga maji yenye chumvi fulani kilimani. Chumvi inakalia nafasi ya madini, madini yanaachia, yanateremka na maji, wao wanayakinga chini.

SPIKA: Kazi nyepesi hivyo? Wape shimo, Mzee! Tutajulikana dunia nzima!

BREKI: Wape!

Na mimi nikasema wape, sitaki kujitoa.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja aliyehamia bondeni majuzi, amekuja kumtafuta Mzee Tanuri ili aagize matofali ya jiko. Alikuwa amesubiri kwa adabu tumalize, akaona hatumalizi.

MAMA MGENI: Samahanini, mimi bado mgeni. Hayo maji ya chumvi, yale yatakayowaponyoka yasikingwe, yataelekea wapi?

Breki alikitazama kilima, akateremka nacho kwa macho mpaka bondeni, kwenye kisima, ambako watu walikuwa wamepanga foleni ya ndoo. Shemeji akaliweka birika chini.

MZEE TANURI: Hilo sikumuuliza binti yangu.

MIMI: Na kampuni?

MZEE TANURI: Hawakuligusa kabisa. Nami nilikuwa nimeshaamua kuwakubalia.

Akasimama.

MZEE TANURI: Kesho watalijibu swali hilo hapa hapa, mbele yenu wote, na huyu mama akae mbele. Wasipokuwa na jibu, warudi walikotoka. Kilima hiki hakijawahi kuwa na haraka. Haya mama, twende. Jiko lako unalitaka la ukubwa gani?