Zamu ya Mwalimu Gesare

Tarehe 30 Aprili 2026, Mwalimu Celestine Gesare atafunga mlango wa ofisi yake, ule unaokwama kila mvua ikinyesha, na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha. Miaka tisa ya kwanza alikuwa katika shule ya wasichana karibu na Keroka. Iliyobaki yote ameitumia hapa chuoni, akiwafundisha walimu wa kesho falsafa na maadili. Mimi wa hisabati nimekaa naye meza moja katika chumba cha walimu kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na ndugu zangu wa kuzaliwa. Ndiyo sababu nimepewa kazi ya kuandika haya, na ndiyo sababu sitampamba kupita kiasi.

Wanachuo walimwita Madam Furaha. Si kwamba alikuwa mtu wa kuchekacheka. Akisahihisha insha, hata nzi walitulia. Jina lilitokana na somo alilolipenda kuliko yote: kwamba tendo hupimwa kwa furaha linayoleta na maumivu linayoondoa, kwa wote linaowagusa, na kwamba katika kupima huko kila mtu huhesabiwa mmoja, awe mkuu wa chuo au mfagizi. Nilimwambia mara nyingi kwamba hesabu isiyo na tarakimu si hesabu. Alinijibu kwamba tarakimu zisizo na watu ndizo zinazowafanya wanafunzi wangu wasinzie.

Wala somo hilo halikubaki ubaoni. Tulipobishana kuhusu chai ya saa nne, wengi tulishinda na birika zima likatiwa sukari, huku Mzee Ochoki wa bustani, mwenye kisukari, akibaki na maji yake. Gesare alituuliza furaha yetu ingepungua kiasi gani kama kila mtu angejitilia mwenyewe. Bakuli la sukari lililetwa mezani kesho yake, na lipo hadi leo. Mkuu wa chuo mmoja wa zamani naye alitaka tukimbie sote kila asubuhi kwa faida ya afya zetu. Gesare alimwambia, kwa adabu zote, kwamba mgeni hashibishwi kwa kushikwa mabega na kulishwa kwa nguvu. Mbio zikawa za hiari. Yeye mwenyewe alikimbia kila siku. Mimi sikukimbia hata mara moja, na mbio hizo nazisifu mpaka sasa.

Lakini nikitakiwa kuchagua jambo moja tu la kumkumbuka kwalo, nitachagua lile la mwaka 2014. Mwanachuo mmoja, Janat, binti wa wenye duka mjini Kisii, alirudi muhula wa mwisho na mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Kinsi, na nyanya yake aliyekuwa akimlea alikuwa amelazwa hospitali. Kinsi alijua kulia. Saa za kujisomea jioni bweni zima lilimsikia, na mitihani ilikuwa imekaribia. Baba yake Janat alikuwa amesema wazi kwamba binti akirudi nyumbani bila cheti, atakaa dukani kuuza vitambaa na habari za ualimu ziishe hapo.

Machogu, kiongozi wa wanachuo, alisimama katika kipindi cha Gesare mwenyewe na kupiga hesabu jinsi alivyofundishwa. Wanaosumbuliwa ni wengi, mama ni mmoja, basi furaha kubwa zaidi itapatikana Janat akienda kwao. Darasa likapiga makofi. Janat alikuwa ameketi nyuma, macho yamemganda kwa mtoto. Nilikuwa napita kibarazani, nikasimama nisikie Gesare atajibu nini. Alikuwa amewafundisha vizuri mno.

Hata hivyo hakulikana somo lake. Alimsifu Machogu kwa kuanza vyema, kisha akamwonyesha alichokiacha. Mtoto hakuhesabiwa. Wanafunzi ambao Janat angewafundisha maishani hawakuhesabiwa. Wala haikuhesabiwa hofu ya hao waliopiga makofi, kwa maana tangu siku hiyo kila mmoja wao angejua kwamba kesho huyo mmoja anaweza kuwa yeye. Halafu akauliza ni nani mama yake alikuwa katika egesangio, kile kikundi cha akina mama wa Kigusii wanaolimiana mashamba kwa zamu. Mikono mingi ikainuka. Akawauliza kama, siku majembe yote yakiwa katika shamba la mmoja, wale wengine hulia kwamba wamedhulumiwa.

Basi akapendekeza zamu za kumbeba Kinsi jioni, mbali na bweni, ili mama yake asome na wenzake wasome. Alikataa kabisa mtu yeyote alazimishwe. Mkuu wa chuo alikubali kungoja wiki moja tu kabla ya kumrudisha Janat kwao.

Mwanzoni alikuja Gesare mwenyewe na wasichana wawili. Alizunguka uwanja na mtoto mgongoni akiimba nyimbo za kanisani, na sauti yake, Mungu amsamehe, haikumbembeleza mtu. Wiki ikielekea ukingoni mafua yakamlaza. Jioni hiyo Kinsi alilia bwaloni, wale wasichana hawakuonekana, na Janat akaanza kufunga vitabu. Aliyeingia mlangoni alikuwa Machogu. "Nipatie huyo mtoto, wewe soma," alisema. "Lakini asinitapikie, sweta ni hii moja." Kinsi alimtapikia. Wiki iliyofuata watu waligombania zamu.

Leo Janat ni mwalimu wa shule moja kule Nyakoe. Machogu ni mwalimu mkuu, na nasikia huwa hapigi kura shuleni kwake kabla ya kuuliza ni nani hajahesabiwa. Kinsi yuko Gredi ya Saba, na bado akisema kitu jirani anasikia.

Sasa nije kwenye kosa, maana niliahidi kutompamba. Mvua ya mawe ilipoezua nyumba yake kule Itumbe, tulijipanga kwenda kumsaidia. Alisema bado, wengine kwanza. Chai ya shambani kwake imekua hadi kifuani kwa kukosa wachumaji, kwa kuwa siku zake za mapumziko alizimalizia katika shida za watu. Tukimgusia, jibu ni lilelile. Mtu aliyetufundisha kwamba kila mtu ni mmoja amejihesabu sifuri miaka hii yote. Katika idara yangu hilo ni kosa, nami nimelizungushia wino mwekundu.

Kwa hiyo, Mwalimu, tarehe moja Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, usifunge lango lako. Machogu anakuja na walimu wake na vikapu vya kuchumia. Janat na Kinsi watakuwepo hadi karibu na swala ya Ijumaa. Mzee Ochoki amejitwalia kazi ya kung'oa magugu. Mimi sijui kuchuma chai. Nitakoroga uji wa wimbi, na sukari nitaiweka kando. Najua utasema una uhuru wa kukataa. Tulipiga kura ukiwa darasani: wewe ni mmoja, sisi ni wengi, na kwa mara hii tu tutatumia hesabu ya kwanza ya Machogu.

Asante kwa kila kitu. Mezani kwetu patakuwa kimya, na mimi nitaumia kuliko ninavyopenda kukiri. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi yenye furaha ya hiari. Siku hiyo ukituona shambani, usishike kikapu. Keti. Wengine wametangulia vya kutosha.

Masese, Idara ya Hisabati