Grafu Moja, Sura Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, mzee wetu mume wa mstaafu pamoja na wanao, wafanyakazi wenzangu, wageni waalikwa, nawasalimu nyote.

Nimepewa nafasi nimuage mkuu wa kitengo cha vipimo vya mto, ambaye humu ndani hakuna anayemwita kwa cheo. Ni Mama Grafu tu. Mtaniwia radhi nikiangalia simu kila mara. Mvua mnaisikia hapo juu ya bati. Vipimo vipya vya maji vimeingia, na kompyuta yetu ghorofani inachora grafu ya tahadhari, kwa mara ya kwanza bila yeye kukaa karibu nayo. Mama, nimekuona. Umeshavaa viatu tena upande ghorofani, lakini tulia.

Kwa wageni, kazi yetu ni kuwaambia wanaokaa kando ya mto maji yamefika wapi. Grafu ile ile hutakiwa itoke kwa sura tatu: PDF ya bango la kubandikwa darajani, SVG ya tovuti na PNG nyepesi ya simu. Wengine wangetengeneza mafaili matatu. Mama Grafu aliandika moja, ambamo maelezo ya kawaida, kama unavyomwandikia ndugu yako, yanakaa pamoja na amri za kompyuta, na juu ya kila amri ameeleza kwa nini ipo. Ukibonyeza, faili linapitiwa lote upya na picha zote tatu zinatoka kwa vipimo vile vile.

Mheshimiwa Mkurugenzi, unakumbuka mvua za mwaka jana? Uliona grafu ya bango imepooza, ukaagiza mchoraji airembe kwa mkono. Akairemba, ikapendeza kweli, ikawekwa badala ya ile iliyotoka kwenye faili. Kesho yake maji yakapanda. Simu zikaonyesha yamevuka mstari mwekundu wa hatari, huku bango, na urembo wake wa jana, likisema pako salama. Muuza mkaa wa pale darajani alitazama simu, akatazama bango, akaamini bango kwa sababu ndilo kubwa. Tulimkuta juu ya paa la kibanda chake, analia. Alimuuliza Mama Grafu, "Sasa nyinyi wenyewe mnaamini lipi?"

Mama alirudi ofisini na nguo mbichi, akaongeza aya moja kwenye faili: picha isiguswe kwa mkono, rangi isipopendeza, ibadilishwe amri ya rangi, na zote tatu zichorwe upya. Hakumtaja mtu. Huo ndio uungwana wake. Mimi sijafika huko, ndiyo maana nimetaja.

Na sasa nasikia kwamba akishaondoka, maelezo yatapelekwa kitengo cha habari, amri zibaki kwetu, na michoro arudishiwe yule yule mchoraji. Jamani, tunagawana kazi ya mtu naye amekaa pale anatutazama? Nani atajua kwa nini mstari mwekundu uko pale ulipo, na si shubiri moja juu? Siwafichi, naogopa. Tangu juzi sili vizuri.

Samahani, simu hii.

Zimetoka. Zote tatu. Maji yamevuka mstari mwekundu. PDF inasema hivyo, SVG inasema hivyo, PNG inasema hivyo. Printa imeshaanza; dereva, lipeleke bango darajani, chakula chako tutakufunikia.

Mheshimiwa, nakuomba kwa heshima ufuatane naye. Muuza mkaa bado yuko pale pale, na lile swali lake safari hii ukalijibu wewe. Ukirudi, utuambie kama faili bado ligawanywe.

Mama Grafu, umesoma simu yako, umevua viatu, na hukuinuka. Katika miaka yote hiyo hujawahi kunisifu zaidi ya hivyo. Asante, mama yangu. Nanyi mlionivumilia na simu yangu, nawashukuru sana. Wa darajani, twendeni.