Ndege ya Mzee Vithal Haitui

Kijiwe chetu kiko kibarazani kwa duka la vitambaa la Mzee Vithaldas, nyuma ya soko la Majengo hapa Dodoma. Nasema chetu, ingawa mimi Edina sikai kwenye benchi. Nakaa kwenye cherehani yangu pembeni, na kwa kuwa kazi inafanywa na miguu na mikono, masikio yanabaki huru. Benchi ni la wanaume watatu na kahawa ya Shaaban. Ambokile tunamwita Hoja, maana anabeba mafaili ofisi za Bunge na siku hizi hawezi kuomba kashata bila kutoa hoja. Iddy ni Injini, fundi wa magari. Damas ni Redandansi. Shirika lake lilibinafsishwa, yeye akapunguzwa kazi kwa barua, akabaki na tai. Julai ile ya tisini na tisa upepo ulikuwa unatia vumbi mpaka vikombeni, na kijiwe kizima kilikuwa na swali moja tu: Mzee Vithal anaondoka, au haondoki?

Binti yake Pooja ameolewa Uingereza. Kamtumia baba tiketi akaishi naye, maana tangu mama afariki mzee yuko peke yake. Sasa mzee hajapanda ndege maisha yake yote, na anaiogopa kweli. Kwa hiyo Pooja alipokuja likizo alimletea kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, aizoee. Akamfundisha na kuhifadhi safari: unabonyeza, safari inatunzwa pale ilipofika, na hata ukizima mashine, kesho ukiifungua unaikuta ndege palepale angani. Basi kila mchana tunasikia ngurumo dukani. Mzee anaifungua safari ileile aliyoihifadhi siku ya kwanza, anazungukazunguka juu, moyo ukimwenda mbio anaiacha, anakuja kunywa kahawa. Kutua, hata siku moja. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Basi lake la Dar lilikuwa kesho yake alfajiri, na ndege Jumamosi. Na kitambaa cha sufu alichonipa nimshonee koti la baridi kilikuwa bado kizima mapajani mwangu.

Injini: Mimi kinachoniuma ni mafuta. Ndege iko juu tangu mwezi wa tano. Inakunywa nini?

Redandansi: Ikihifadhiwa hainywi kitu, Injini. Imesimama.

Injini: Lori likisimama linaunguruma, linakunywa. Sembuse ndege! Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Redandansi: Yanahusiana nini hayo na mafuta?

Injini: Kwani mafuta hayamwagiki?

Hoja: Taarifa, mheshimiwa! Mimi nimechungulia kwa macho yangu. Dodoma iliyomo mle haina nyumba. Uwanja wa ndege upo, mji hakuna. Makole hakuna, Nkuhungu hakuna, hata soko hili. Kahawia tupu kama mgongo wa ng'ombe.

Shaaban: Mji wameupeleka wapi?

Hoja: Waliochora waliambiwa makao makuu yanahamia Dodoma. Wakasema, basi tungoje yahamie ndipo tuchore mji. Wanangoja mpaka leo.

Hapo hata mimi nilisimamisha cherehani nikacheka.

Redandansi: Si mafuta wala si ramani. Mzee anaogopa kutua.

Injini: Aogope nini? Mle ukianguka si hufi? Unafungua tena, uko juu, mzima.

Hoja: Ngoja niwape siri. Kompyuta ile ina waya wa kwenda Ulaya. Akitua tu, Wazungu wanaandika: huyu kafika. Jumamosi akienda kweli wataona kafika mara mbili, watamrudisha.

Shaaban: Waya wenyewe unaishia ukutani, mimi nimeuona. Ni wa umeme.

Hoja: Na umeme unatoka wapi?

Injini: Mimi nasema kuna baya zaidi. Ndege ya kwanza bado iko juu yetu, na Vithal ndani. Ya Jumamosi nayo itapanda na Vithal ndani. Mzee atagongana na mwenyewe!

Hoja: Ndiyo maana ikasemwa, aliye juu mngoje chini.

Mimi: Hiyo wanaambiwa wenye kiburi, baba.

Hoja: Mimi namwambia mwenye ndege.

Redandansi hakucheka. Aliviringisha kikombe kiganjani, akasema: Ningekuwa na kitu kama hicho, mimi ningehifadhi Ijumaa moja tu. Ile ya kabla ya barua.

Injini: Halafu ukiifungua ungefanyaje? Ungemtia bosi ngumi?

Redandansi: Nisingefanya kitu. Ningekaa mezani kwangu, ninywe chai ya saa nne. Basi.

Injini alimsogezea kashata yake, na Injini kwa kashata ni mchoyo tunayemjua wote.

Ngurumo dukani ikakoma. Mzee Vithal akatoka, kavaa sweta lake la miaka yote, akakaa mwisho wa benchi. Watu waliokuwa wanamjadili wakaanza kuzungumzia bei ya mtama.

— Karibu, rubani, Shaaban akamwambia, akimpa kikombe. Leo vipi huko juu?

— Upepo, akajibu mzee. Kompyuta haina upepo, lakini mimi nimeusikia.

Hapo ndipo alipofika Yasinta, nesi mgeni anayekaa Mkonze, kufuata gauni lake la kazi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

Nilikuwa namalizia vifungo. Akasimama mlangoni kungoja, macho yakaenda ndani ya duka, kwenye kompyuta. Mzee alikuwa ameiacha safari wazi, imesimama palepale inapoanzia siku zote: dirisha la ndege, mbingu, na ardhi ya kahawia chini yake.

— Hii ndege nzuri, akasema. Inaondoka Dodoma au inarudi?

Injini akafungua mdomo kwa kujiamini: Inaondoka! Pua imenyanyuka.

Akainuka kwenda kutazama. Pua haikunyanyuka, wala haikuinama. Hoja akatazama. Redandansi akatazama, akashika tai. Kioo kinaonyesha mbele tu, na mbele hapakuwa na uwanja wala mji.

— Tumuulize mwenyewe, akasema Redandansi.

Mzee Vithal alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

— Sijui, akasema.

— Hujui vipi, mzee? Si wewe uliyeirusha?

— Nilipanda vizuri. Halafu nikageuka kidogo nitazame nilikotoka. Hapo ndipo nikabonyeza kuhifadhi. Nilikuwa sijaamua.

Miezi yote ile tulihesabu mafuta, tukakagua waya, tukagonganisha ndege, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mzee mwenyewe anakwenda wapi. Niliona aibu. Yasinta alichukua gauni lake, akaaga polepole, akidhani amekosea.

— Edina, akasema mzee. Koti umelikata?

— Bado, mzee.

— Kwa nini?

— Mkasi butu.

Akautazama mkasi. Aliniuzia yeye mwenyewe juma lililopita, na asubuhi ile aliniona nikikatia mapazia. Ukweli ni kwamba sikutaka aende. Hapa kibarazani kwake ndipo nilipolelea wanangu, na kila nilipoinua mkasi juu ya ile sufu mkono ulikataa. Kitambaa si kama safari yake ya kompyuta. Ukikikosea, hukifungui kesho ukakikuta kizima.

— Sufu nzuri ile, akasema. Ukiikata hairudi.

— Hairudi, mzee.

Upepo ukapita na karatasi za kashata.

— Pooja atalia, akasema. Jioni nitampigia simu. Huo mkasi uache hivyohivyo, butu.

Nilikikunja kitambaa, nikampa. Mzee akanyoosha kikombe chake kwa Shaaban. Shaaban akainamisha dele la kahawa, likatoa tone moja na masimbi ya chini.

— Imekwisha, mzee. Labda kesho.

— Kesho, akasema Mzee Vithal, cha kwanza niwekee mimi.